Kwa nini dereva anazima kengele ya gari lake

Nikiwauliza madereva wanaoleta magari gereji hapa Uyole, Mbeya, kama wangekubali kupanda gari linalojiendesha lenyewe, wengi hujibu papo hapo: hapana. Wamarekani nao hujibu hivyohivyo. AAA, chama chao cha wenye magari, kilipowauliza mwaka 2023, asilimia 68 walisema wanaliogopa gari la namna hiyo, wakati mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 55. Na hao ndio wenye miji kama Phoenix na San Francisco, ambako teksi za Waymo hubeba abiria bila mtu kwenye usukani.

Mimi ni fundi wa umeme na kompyuta za magari, na swali hilo siku hizi silipi uzito mkubwa. Gari lisilo na dereva halijafika Mbeya. Kilichofika ni vipande vyake, na vimefika kimyakimya. Mwaka 2008 Subaru walianza kuuza kule Japani mfumo wa EyeSight, wenye kamera mbili zilizowekwa karibu na kioo cha ndani, zinazotazama barabara na kumwonya dereva, na magari ya namna hiyo ndiyo tunayonunua leo kama mitumba. Ulaya nako, kufikia mwishoni mwa mwaka 2015 malori mapya makubwa yalitakiwa kuwa na breki ya dharura inayojifunga yenyewe na kengele ya kumwonya dereva anapotoka kwenye mstari. Malori ya umri huo tunapishana nayo Kitonga. Madereva wa IT, yaani wanaopeleka magari ya nje kutoka bandarini mpaka mpakani, ndio wanaoviona vyote: leo gari hili, wiki ijayo jingine, kila moja na kengele zake, maelezo yote kwenye skrini kwa Kijapani, na safari ni ya kutoka Dar mpaka Tunduma.

Kwa hiyo mimi humuuliza dereva jambo dogo zaidi: kengele uliyonayo, umeiacha au umeizima? Na kwa nini?

Mzee mmoja anayebeba abiria kati ya Mbeya na Tukuyu aliniletea gari dogo la Kijapani akiwa amechoka nalo kabisa. "Fundi, hili gari lina woga," akasema. "Barabara nyeupe, mbele hakuna kitu, linapiga kelele. Juzi pale Kiwira likataka kukanyaga breki lenyewe, na nyuma yangu kuna fuso limejaa ndizi. Lizime." Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe nusu saa kwanza." Kioo cha mbele kilikuwa kipya. Kishikizo cha kamera kilibandikwa upya kwa gundi, na kimelala kidogo upande wa kushoto, kiasi ambacho jicho halikamati mpaka uweke rula.

Kidogo hicho ndicho chenye balaa. Kamera ikikosea nyuzi moja tu, kitu kilicho mita 50 mbele inakiona kimehama karibu sentimita 90. Sisi tunaendesha kushoto, na watu wetu wanatembea pembezoni kushoto. Mama anayesubiri wateja kando ya lami na mkungu wake wa ndizi, kwa kamera ile alikuwa amesimama katikati ya njia. Gari halikuwa na woga. Lilikuwa linaona vibaya, kwa sababu aliyebadilisha kioo alirudisha kamera mahali pake na kuishia hapo, bila kuipima.

Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kusikia kwamba madereva wetu wanakataa teknolojia kwa ushamba. Yule mzee alikataa kwa ushahidi. Kengele ilimdanganya mara nyingi mno, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya kwa mwongo. Hasara ni kwamba ukizima, unazima na ile mara moja ambayo ingesema kweli: jioni ya ukungu pale Isyonje, lori limesimama bila taa. Dharau ya madereva wengi kwa vifaa hivi imetengenezwa gereji, na sisi mafundi tunapaswa kuibeba.

Tena kuna mambo ambayo dereva wa huku anayasoma na mashine haiyajui kabisa. Matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami kila baada ya hatua kadhaa, kila mtu aliyekulia kwenye barabara hii anajua maana yake: lori limeharibika mbele, punguza. Kamera inaona majani, basi. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia kwenye mpando wa Mlima Nyoka, dereva wake huenda hakati kona popote, anakuambia usijaribu kupita. Hakuna kompyuta ya gari la mtumba iliyofundishwa lugha hiyo.

Na miteremko je? Hapa nataka madereva wa magari makubwa wanisikilize vizuri. Lori la tani 50 likishuka mita 100 za kimo, nishati inayopaswa kumezwa ili lisiongeze mwendo ni takribani megajuli 49, joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji. Ukiibebesha breki za magurudumu peke yake, zinapata moto mpaka zinaacha kushika. Breki ya dharura inayojifunga yenyewe inatumia breki hizohizo. Kama umeshuka Iwambi umeachia nyutro ili kuokoa dizeli, ukifika chini kompyuta itaamuru breki kwa wakati sahihi kabisa, na hakutakuwa na breki ya kuitikia. Gia nzito kuanzia juu na breki ya injini: hilo bado ni la mguu na mkono wako, hata lori liwe la mwaka gani.

Upande wa pili wapo wanaoamini kupita kiasi, na hao wananitisha zaidi. Wahandisi wanapanga uwezo wa magari haya kwa ngazi, kuanzia 0 mpaka 5. Magari yanayotufikia mengi hayavuki ngazi ya 2: gari linashika mwendo na linashika mstari, lakini mwangalizi ni wewe kila sekunde. Kijana wa IT aliniambia kwa furaha kwamba kuanzia Igawa gari "linajipeleka", yeye anachati kidogo. Mwaka 2018 huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka usiku huku anasukuma baiskeli. Wachunguzi walikuta kwamba mfumo ulimtambua sekunde 5.6 kabla, ukawa unabadili mawazo: gari, kitu kingine, baiskeli. Ndani alikuwamo mtu aliyelipwa kuangalia barabara, na macho yake yalikuwa kwenye simu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Ukiinua macho na kuelewa kinachoendelea kwa sekunde tano, umeshapita mita 110.

Kuhusu ajira sitasema mengi, ingawa utingo huniuliza sana. Lori la Zambia linahitaji mtu wa kubadili tairi, kulinda mafuta usiku na kuhangaika na karatasi mpakani. Kazi hizo hazimo kwenye kamera yoyote.

Linalonisumbua zaidi ni kengele inamsemea nani. Mabasi yana kifaa cha VTS, cha kufuatilia magari, kinachotoa taarifa za mwendo kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na ukizidisha mwendo kinalia. Madereva wengi wanakihesabu kama trafiki aliyepanda ndani ya basi. Kimesaidia kushusha mwendo, na mimi nakiunga mkono. Lakini sasa wenye malori wameanza kuulizia kamera inayomtazama dereva usoni na kulia akisinzia, na wengine wananiuliza kwanza kama itawatumia picha ili wakate mshahara. Ikifungwa kwa nia hiyo, wiki haitaisha kabla haijabandikwa stika. Dereva aliyesinzia Makambako saa tisa usiku kwa kawaida amepangiwa safari isiyo na mahali pa kulala. Tajiri, taarifa za kusinzia zitumie kupanga upya ratiba, na uwaambie madereva hivyo kabla sijafunga hata waya mmoja.

Kwa waliobadilisha kioo cha mbele karibuni: kabla ya kuzima mfumo, leta gari lipimwe. Tunahitaji sakafu tambarare, upepo sawa kwenye matairi yote, gari bila mzigo, na kibao cha alama kilichowekwa kwa umbali uliopimwa. Magari mengine yanataka pia kuendeshwa kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri mpaka kamera ijipange. Njoo na muda. Na uniambie ni wapi hasa kengele ilikudanganya: kona gani, saa ngapi, jua lilikuwa upande gani.