Bundi kivulini: tunavyodanganyana sisi wapiga picha

"Mchana bundi haoni, msogelee tu." Hili ndilo linaloharibu picha nyingi kuliko jingine lolote. Bundi anaona mchana, tena vizuri. Akifumba macho amepumzika. Chukua bundi mdogo wa Sokoke, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1966. Urefu wake ni kama sentimita 16, na kwenye vichaka vya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, unaweza kumkuta amelala usawa wa kifua chako. Ukiona amejinyoosha akawa mwembamba kama kijiti, vishungi vya kichwani vimesimama na macho yamebaki ufa tu, ujue umeshamkera. Rudi nyuma, tulia.

Halafu kuna wanaosema kivulini hakuna picha bila flashi. Jamani! Mwanga wa kivuli ni laini, ndio unaoonyesha kila mchirizi wa unyoya. Adui ni vidoa vya jua vinavyopenya majani: kimoja kikitua usoni, pale panabaki jeupe tupu. Ngoja wingu lipite. Flashi itakupa macho yanayowaka kama taa za gari.

Na lile la "ISO isizidi 200" (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga) nililiamini mwenyewe. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani na picha kumi na tisa, zote ukungu mtupu. Chini ya miti minene sasa naanzia 1600, nikibanwa napanda 3200. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa husafishika kwenye kompyuta, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Bundi aliyesinzia hatikisiki, kwa hiyo kamera ikikaa kwenye stendi hata kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde hutosha. Ukishika kwa mkono lenzi ya milimita 400, kaa karibu na 1/400.

Kwamba kamera itapima mwanga yenyewe? Si kwa yule bundi mkubwa mwenye kope za waridi. Uso wake ni mweupe-kijivu, nyuma yake giza la majani. Kamera huliona giza, ikaongeza mwanga, uso ukawa mweupe tupu. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera), kisha tazama tena.

Kumwita kwa kumchezea mlio wa bundi kwenye simu nako kuachwe. Anadhani mwenzake amevamia eneo lake, na usingizi wake wa mchana umeishia hapo.