Kwa nini kelele za vijana mtandaoni hazigeuki kura?

Agosti 9, 2022, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, binamu yangu alishinda kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu pale Kondele, Kisumu, akirusha video za mgombea wake TikTok tangu alfajiri. Bando lilipoisha alinunua jingine. Jioni, tulipokuwa tunakula ugali na omena, nilivitazama vidole vyake: hakuna hata tone la wino. "Kura yangu iko Webuye," akaniambia. "Nauli ningeitoa wapi?"

Wako wengi kama yeye. Daftari la mwaka huo lilikuwa na wapiga kura 22,120,458, na wenye miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40. Idadi yao ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 5 tangu 2017, ilhali simu zilikuwa zimezidi kuenea. Wazee hupenda kusema vijana ni wavivu. Mimi sikubali.

TikTok huangalia umetazama nini na umekaa nacho kwa muda gani, kisha hukuletea kingine cha aina hiyo. Haikuulizi umejiandikisha wapi. Mtu anayegombea udiwani Nyalenda anaweza kupata watazamaji laki moja, wengi wao wakiwa Nairobi au hata ng'ambo, na wasimfae kitu. Kura yako iko kwenye kituo kimoja tu, na kituo kimoja hakizidishi watu 700. Kaunti ya Kisumu pekee ina wadi 35. Ukikosea wadi, umekosa diwani wako.

Halafu kuna suala la muda, ambalo naona ndilo linalowaponza wengi. Mtandao huwaka moto Julai, kampeni zikipamba. Lakini sheria hufunga uandikishaji siku 60 kabla ya uchaguzi, na anayetaka kuhamisha kura hutakiwa kuomba angalau siku 90 kabla. Kwa hiyo kijana anapopandwa na hamasa, mlango umeshafungwa kitambo.

Linganisha na Juni 2024, vijana walipopinga Mswada wa Fedha. Wito ulipita TikTok na X, na kila mtu akaingia barabara iliyokuwa karibu naye, iwe Kisumu, Nakuru, Kakamega au Eldoret. Kuandamana hakuhitaji jina lako liwe kwenye daftari. Ndiyo maana ule moto ulishika haraka vile.

Sisemi mtandao hauna kazi. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, na mtu yeyote mwenye simu akaweza kufungua fomu ya kituo cha kijijini kwao na kusoma hesabu iliyoandikwa kwa mkono. Nilimwona shangazi akifanya hivyo na miwani puani, akitamka namba moja moja.

IEBC ilifungua tena uandikishaji Septemba 29, 2025. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo anayetaka kuhamisha kura asivuke Mei 12 mwaka huo. Anaenda na kitambulisho kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge analoishi sasa. Binamu yangu alifunga kibanda asubuhi moja akaenda. Kura yake sasa iko Kondele.