Je, serikali ikikuadhibu baada ya kusema, huo nao ni udhibiti wa uhuru wa kusema?

Nakuru imeona sura zote mbili: kuzuiwa kabla ya kusema, na kuadhibiwa baada ya kusema. Aprili 2025, wasichana wa shule ya upili ya Butere walifika huku kwa tamasha la kitaifa la drama wakiwa na tamthilia iliyokuwa imezuiwa, hadi Mahakama Kuu ikaagiza irudishwe. Polisi wakarusha vitoa machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Hapo hakuna wa kubisha: neno lilizibwa kabla halijatamkwa.

Sura ya pili ina utata zaidi. Julai 2023, mtu mmoja alichapisha mtandaoni ujumbe uliodai kwamba jeshi lingetwaa serikali. Akakamatwa, akashtakiwa chini ya kifungu cha 77 cha Kanuni ya Adhabu, kilichohusu kuhujumu utawala. Jela yake ilikuwa hadi miaka 7. Lakini yeye alikuwa ameshasema na watu wameshasoma. Amezuiwa nini?

Mwanasheria Mwingereza William Blackstone angejibu: hakuna. Mwaka 1769 aliandika kwamba uhuru wa uchapishaji ni kutozuiwa kabla ya kuchapisha. Ukishatoa lenye hatia, jibebee lawama. Wapo wanasheria wanaomfuata hadi leo.

Mimi naona Blackstone alimtazama msemaji peke yake. Wahenga wetu walitazama mbali zaidi: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Adhabu haiwezi kufuta kilichokwisha kusomwa. Anayelengwa ni yule wa Kondele kule Kisumu au Bondeni hapa Nakuru ambaye ameandika, akasita, akafuta. Sheria ikiwa na maneno ya jumla ambayo mtu hajui yanaishia wapi, kila mmoja anajikagua mwenyewe, na serikali haihitaji hata kuajiri mkaguzi.

Suala hilo la maneno ya jumla ndilo lililokiangusha kifungu cha 77. Machi 2024, Jaji Samwel Mohochi, akiketi papa hapa Nakuru, aliamua kwamba ni kipana mno, hakieleweki mipaka yake, na kinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikuwa imeliondoa kosa la jinai la kumharibia mtu jina. Aliyechafuliwa bado anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai.

Si kila adhabu ni udhibiti, hata hivyo. Ibara ya 33 ya Katiba hailindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na aliyekuwa Nakuru mapema mwaka 2008 hahitaji kuelezwa sababu. Mimi huuliza tu: nani ameumizwa na maneno hayo? Kama ni jirani aliyetishiwa kuchomewa nyumba, hiyo ni sheria inafanya kazi yake. Kama ni kiongozi aliyekosolewa, na polisi walio chini ya serikali yake ndio wanaokuja kukukamata, basi huo ni udhibiti uliochelewa kufika. Na hata shtaka likitupwa baadaye, simu yako imeshachukuliwa, dhamana umelipa, na nauli za kwenda kortini hakuna atakayekurudishia.