Walioburuza mkia Januari wakabeba kombe Juni: tunayokosea kuhusu msimu wa St. Louis Blues

Asubuhi ya tarehe 3 Januari 2019, ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, ilikuwa na timu 31, na ya 31 ilikuwa St. Louis Blues. Mechi 37, ushindi 15, pointi 34. Usiku wa tarehe 12 Juni mwaka huohuo, timu hiyohiyo ilikuwa Boston, ugenini, ikinyanyua Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza tangu ianze kucheza NHL mwaka 1967.

Habari hii ikifika kwenye vijiwe vyetu hufika imepinda. Sisi tumelelewa na soka, basi hoki tunaipima kwa rula ya soka, na mahali rula isipofika tunajazia wenyewe. Hata jina la kinachochezewa linatutega. Hoki ya barafu haina mpira. Kuna kisahani cheusi, kinene kiasi cha sentimita mbili na nusu, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Ila ukiuliza kimetengenezwa kwa nini, jibu ni mpira. Sasa hapo umweleweshe mtu.

"Walinusurika kushuka daraja"

NHL haina daraja la kushukia. Timu inayoshika mkia hubaki palepale msimu unaofuata, na juu ya hapo hupata faida. Kila mwaka klabu huchagua wachezaji vijana kwa zamu, na timu zilizofanya vibaya huingia kwenye bahati nasibu ya kupata zamu za mwanzo. Aliyefanya vibaya kuliko wote ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kupewa zamu ya kwanza.

Kwa hiyo Januari ile Blues hawakuwa wakipigania roho zao kama timu ya soka inayochungulia kaburi. Kwa hesabu baridi, njia rahisi ilikuwa kulegeza kamba, kuwatoa wakongwe kwa klabu nyingine na kusubiri kijana mwenye kipaji. Meneja mkuu, Doug Armstrong, hakubomoa kikosi. Kwangu mimi uamuzi huo wa kutofanya kitu ni mkubwa kuliko usajili wowote wa mwaka ule.

"Walifukuza kocha, mambo yakanyooka"

Hii ndiyo dhana inayopendwa kuliko zote, kwa sababu inafanana na tunayoyaona kwenye ligi zetu kila msimu.

Kibarua cha Mike Yeo kiliota nyasi usiku wa tarehe 19 Novemba 2018, baada ya kufungwa 2-0 na Los Angeles Kings. Timu ilikuwa imeshinda mechi 7 kati ya 19. Akakabidhiwa msaidizi wake, Craig Berube, kama kocha wa muda. Huyu enzi zake uwanjani alicheza mechi zaidi ya 1,000 na kukusanya zaidi ya dakika 3,000 za adhabu, yaani muda wa kukalishwa nje kwa makosa. Mtu wa shoka.

Simulizi za kijiweni huruka kutoka hapo hadi kwenye kombe. Katikati kuna wiki sita ambazo hakuna anayezitaja. Katika mechi 18 za kwanza za Berube, timu ilishinda 8 tu. Tarehe 9 Desemba walichapwa 6-1 nyumbani na Vancouver Canucks. Kesho yake, mazoezini, beki Robert Bortuzzo na mshambuliaji Zach Sanford walirushiana ngumi, wenyewe kwa wenyewe, mbele ya kamera. Ukweli mchungu kwa wapenda kufukuza makocha ni kwamba Blues walishika mkia wa ligi wakiwa mikononi mwa Berube. Yeo alikuwa ameshaondoka.

Mabadiliko yalikuja baadaye. Kuanzia siku ile ya mkia hadi mwisho wa ratiba ya kawaida zilibaki mechi 45, walishinda 30. Ndani yake kulikuwa na mechi 11 mfululizo za ushindi, hadi tarehe 19 Februari, rekodi ya klabu. Berube anastahili sifa zake, sibishi. Lakini dawa iliyochukua mwezi na nusu kufanya kazi, huku mgonjwa akizidiwa, si ya kuiita dawa ya papo kwa papo.

"Yule kipa aliokotwa tu"

Jordan Binnington alianza mechi yake ya kwanza ya NHL tarehe 7 Januari 2019, ugenini Philadelphia. Wavu wake haukutikisika; 3-0. Kutoka hapo hadi mwisho wa ratiba ya kawaida alishinda mechi 24 na kuruhusu wastani wa mabao 1.89 kwa mechi. Ndiyo maana watu humsimulia kama mtu aliyeshuka kutoka mbinguni.

Blues walimchagua mwaka 2011, akiwa wa 88 kwenye orodha ya mwaka ule. Miaka iliyofuata alisaga lami kwenye ligi ndogo. Januari 2016 aliingizwa mechi moja ya NHL kwa dakika 13, akarudishwa alikotoka. Alipopata nafasi yake alikuwa na miaka 25, umri ambao wenzake wengi aliochaguliwa nao walishajua kama wana maisha kwenye ligi hiyo au hawana.

Na kuna utamu mmoja hapa. Msimu wa 2017-18 Blues hawakuwa na nafasi ya kutosha kwa makipa wao kwenye ligi ndogo, wakamwazima kwa Providence Bruins, ambayo ni timu ya malezi ya Boston Bruins. Yaani Boston ndio waliompa mechi mwaka mzima. Mwaka uliofuata akaja kuwanyima kombe nyumbani kwao.

"Ukifungwa, umefungwa"

Siyo kila mara. Kwenye ratiba ya kawaida, ushindi una pointi 2. Dakika 60 zikiisha mkiwa sare, kila timu tayari imeweka pointi 1 mfukoni. Zinazofuata ni dakika tano za watatu kwa watatu, kisha mikwaju, kumpata wa kuchukua pointi iliyobaki. Blues walipoteza mechi 9 za namna hiyo, maana yake walivuna pointi 9 kwenye vipigo. Walimaliza na 99; kwenye kundi lao Winnipeg Jets nao 99, Nashville Predators 100. Ondoa zile 9 uone wanaangukia wapi.

"Anayeongoza ligi ndiye bingwa"

Waulize Tampa Bay Lightning. Msimu huohuo walishinda mechi 62 kati ya 82 na kumaliza na pointi 128. Kwenye soka wangeshatembeza kombe mitaani wiki kadhaa kabla ya ligi kuisha. Kwenye NHL anayeongoza hupewa tuzo yake, anapigiwa makofi, halafu anaingia mtoano pamoja na wengine 15 kuanza upya. Tampa walipangiwa Columbus Blue Jackets, timu ambayo haikuwahi kushinda hata raundi moja ya mtoano. Wakafungwa mechi nne mfululizo, safari ikaishia hapo. Vinara wote wanne wa makundi walitolewa raundi ya kwanza mwaka ule.

Mtoano wenyewe si wa mechi moja. Kila raundi mnacheza hadi mmoja afikishe ushindi wa nne, na raundi ni nne, kwa hiyo bingwa lazima ashinde mara 16. Na huku hakuna mikwaju ya kuamua. Sare ikitokea mnaongezewa dakika 20 kamili, na nyingine 20, na nyingine, hadi bao lipatikane.

Tarehe 7 Mei, mechi ya saba dhidi ya Dallas Stars, mji wa St. Louis ulijua maana yake. 1-1 baada ya dakika 60. 1-1 baada ya 80. Golini kwa Dallas alikuwa Ben Bishop, aliyekulia St. Louis, na alikuwa ameshaokoa michomo 52. Dakika ya sita ya nyongeza ya pili, kinda wa miaka 19, Robert Thomas, alizunguka na kupiga. Kisahani kikagonga mwamba, kikamgonga Bishop kisogoni, kikaanguka mstarini. Aliyekisukuma ndani ni Pat Maroon, mzaliwa wa viunga vya mji uleule. Mtoto wa nyumbani kamfunga mtoto wa nyumbani.

"Walibebwa na waamuzi"

Kinyume chake kabisa. Tarehe 15 Mei, mechi ya tatu dhidi ya San Jose Sharks, muda wa nyongeza, Timo Meier alikipiga kisahani kwa kiganja kumpasia mwenzake, jambo lisiloruhusiwa katika eneo lile la ushambuliaji. Waamuzi hawakuona. Kisahani kikamfikia Erik Karlsson, bao, 5-4. Kila aliyekuwa mbele ya televisheni aliona mkono ule, ila kanuni za wakati huo hazikuruhusu kosa la aina hiyo kurudiwa kwenye video. Blues wakawa nyuma kwa mechi 2-1.

Mechi tatu zilizofuata walishinda 2-1, 5-0 na 5-1. Kiangazi hichohicho NHL ikapanua kanuni za marudio ya video ili bao la namna ile lisipite tena. Washabiki wa Blues bado hulikumbusha, na mimi ningekuwa wao ningelikumbusha vilevile.

"Kombe lilinunuliwa"

Kila klabu msimu ule ilikuwa na ukomo wa mishahara wa dola milioni 79.5, awe tajiri awe maskini. Na wachezaji hawauzwi kwa ada ya uhamisho kama tulivyozoea. Hubadilishwa, mtu kwa mtu au mtu kwa zamu za kuchagua vijana. Ryan O'Reilly, aliyeongoza Blues kwa pointi 77 na kutajwa mchezaji bora wa mtoano, alitoka Buffalo Sabres tarehe 1 Julai 2018 kwa wachezaji watatu na zamu mbili za kuchagua. Moja ya zamu hizo, ya raundi ya kwanza, iliwafikia Buffalo ikiwa ya mwisho kabisa kwenye raundi, ya 31, kwa sababu Blues walikuwa mabingwa. Buffalo nao hawakutoka mikono mitupu: mmoja wa wale watatu, Tage Thompson, alikuja kufunga mabao 47 msimu wa 2022-23.

"Ni mchezo wa watu wa baridi"

Fainali iliisha Juni. Tampa iko Florida, kwenye joto na mamba. Barafu hutengenezwa ndani ya ukumbi kwa mabomba ya kupozea yaliyolazwa chini ya zege. Na mwaka 2018, timu ya Kenya Ice Lions, inayofanya mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, ilialikwa Kanada. Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wakubwa wa NHL, wakavaa jezi na kucheza nao.

"Boston walizidiwa"

Ukisoma matokeo tu, 4-1 ugenini katika mechi ya saba ya fainali, utadhani hivyo. Fainali yenyewe haikwenda hivyo. Blues walikuwa wamefika fainali mara tatu huko nyuma, 1968, 1969 na 1970, wakapoteza mechi zote 12. Walipofungwa ya kwanza Boston mwaka 2019 zikawa 13. Ushindi wao wa kwanza wa fainali katika historia ulikuja mechi ya pili, kwenye muda wa nyongeza. Ya tatu walichakazwa 7-2 mbele ya mashabiki wao, na ya sita, ambayo ingewapa kombe nyumbani, wakalala 5-1.

Usiku wa mechi ya saba, Boston walianza kwa kasi iliyoonekana itaisha vibaya kwa wageni. Kipindi cha kwanza walipiga michomo 12 golini, Blues minne. Binnington akawa ukuta. Katika minne yao, Blues walifunga miwili: O'Reilly alikipindisha kisahani dakika ya 17, kisha zikiwa zimebaki sekunde 8 kipindi kuisha, nahodha Alex Pietrangelo akaingia kutoka nyuma na kupachika la pili. Ukumbi ukanyamaza. Baada ya hapo Boston walikimbizana na saa. Bao lao la kufutia machozi lilipatikana zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei, wakati tayari ni 4-0. Kwa jumla walipiga 33, Blues 20.

Bao la nne lilifungwa na Zach Sanford, yule wa ngumi za mazoezini.

"Bingwa hupewa kombe lake"

Kombe la Stanley ni moja, huzunguka. Kila mchezaji wa timu bingwa hukaa nalo siku yake kiangazi, na majina yao huchongwa kwenye pete za chuma zinazolizunguka. Pete zikijaa, ya zamani zaidi hung'olewa na kuhifadhiwa Toronto. Ya Blues wa 2019 bado ipo. Bortuzzo na Sanford wamo humo, kwenye pete moja.