Je, wajua ni kwa nini kipa wa tatu wa Japani alifanywa nahodha mwaka 2010?

Kikosi ambacho kocha Takeshi Okada alikipeleka Afrika Kusini kwa Kombe la Dunia la mwaka 2010 kilikuwa na jambo lisilo la kawaida: nahodha wake, Yoshikatsu Kawaguchi, alikuwa kipa wa tatu, aliyevunjika mguu Septemba 2009, na ambaye hakuna aliyetarajia kumwona langoni. Uwanjani kitambaa alikivaa Makoto Hasebe. Kwa nini basi cheo hicho apewe mtu wa benchi?

Okada alimfahamu tangu zamani: mwaka 1998 alimkabidhi lango katika mechi zote tatu za Japani kwenye Kombe lake la Dunia la kwanza. Kawaguchi, mwenye kimo cha takriban sentimita 180, ambacho ni kidogo kwa kipa, tayari alikuwa na jina: Julai 1996 jijini Miami, katika Michezo ya Olimpiki, Brazil ya kina Rivaldo na Roberto Carlos ilipiga mashuti 28 bila kumfunga, na Japani ikashinda 1-0.

Kisha kuna Chongqing, China, mwaka 2004, katika robo fainali ya Kombe la Asia dhidi ya Jordan. Wapigaji wawili wa kwanza wa Japani waliteleza, wakapaisha penalti zao, hadi nahodha Tsuneyasu Miyamoto akamshawishi refa ahamishie mikwaju kwenye goli la pili. Jordan ilifunga mitatu ya kwanza. Kati ya minne iliyofuata haikupata hata mmoja, Kawaguchi akiruka na kupangua, na wa mwisho ukigonga nguzo. Japani ilitwaa kombe hilo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, sifa iliyomfaa zaidi Okada ni kwamba Kawaguchi aliyajua machungu ya kuwekwa kando. Alikwenda Portsmouth ya Uingereza mwaka 2001, akapoteza namba, na Kombe la Dunia la 2002, lililochezwa nyumbani kwao, akalitazama kutoka benchi huku Seigo Narazaki akidaka mechi zote nne. Aliyepitia hayo anaweza kuzungumza na wasiochezeshwa, nao wakamsikiliza.

Juni 29, 2010, mjini Pretoria, Japani na Paraguay zilifikia mikwaju ya penalti. Mdakaji wa penalti wa Chongqing alikuwa nje ya mstari. Mkwaju wa Yuichi Komano, mwenzake wa klabu ya Jubilo Iwata, uligonga mwamba.