Dawa mpya za saikosisi si salama zaidi kwa kila hali

Tangu miaka ya 1990, wengi wameamini kwamba dawa mpya za saikosisi, yaani hali ya akili inayomfanya mtu apoteze uhusiano na uhalisia, ni bora na salama kuliko za zamani, imani ambayo matangazo ya biashara yaliichochea sana. Ni kweli kwamba nyingi husababisha kutetemeka na kukakamaa kwa misuli kwa kiwango kidogo. Hata hivyo baadhi, hasa olanzapini, huongeza uzito pamoja na sukari na mafuta katika damu. Utafiti wa CATIE wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba perfenazini, dawa ya zamani, haikuzidiwa kwa ufanisi na nyingi kati ya hizo mpya. Mwaka 2009, Eli Lilly, kampuni inayotengeneza olanzapini, ilikubali kulipa takribani dola bilioni 1.4 ili kumaliza kesi kuhusu kuinadi dawa hiyo kwa matumizi yasiyoidhinishwa. Anayeitumia asiiache ghafla, bali aombe kupimwa uzito na sukari mara kwa mara.