Je, Wajua kwa Nini Vijana wa Serengeti Boys Hupimwa Kifundo cha Mkono Kabla ya Kucheza?

Mwaka 2016 Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya vijana wa chini ya miaka 17, walitolewa na Congo Brazzaville katika mechi za kuwania kufuzu AFCON ya vijana. Walishinda 3-2 Dar es Salaam, wakaenda Brazzaville wakafungwa 1-0, na mabao mawili ya ugenini yakawavusha wenzao. Watu wakajua yameisha. Lakini Mei 2017 vijana walewale walikuwa Gabon, wakitoka suluhu na Mali, timu iliyoondoka na kombe.

Mambo yaligeukia mezani. Tanzania ilikata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Congo. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikaagiza apelekwe Cairo kupigwa picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Hakufika. Congo ikaondolewa, nasi tukaingia.

Sasa jiulize: kijana ana pasipoti, ana cheti cha kuzaliwa, jina lake limeandikwa kwenye daftari la shule. Kwa nini shirikisho la mpira la bara zima liuamini mfupa wa mkono kuliko karatasi zenye muhuri wa serikali? Na kwa nini mkono, wakati mpira unachezwa kwa miguu?

Mfupa mrefu wa mtoto haukui kwa kuvutika katikati. Hukua karibu na ncha zake, kwenye tabaka jembamba la gegedu, ile tishu inayopindika kama ya sikio. Seli za gegedu huzaliana, zilizotangulia hugeuka mfupa, na hivyo mfupa huongezeka urefu kidogo kidogo. Balehe inapoanza, homoni huharakisha kazi hiyo. Ndiyo ile miezi mama analalamika suruali za shule zimeshakuwa fupi. Kisha homoni hizohizo hulifunga tabaka. Gegedu yote inageuka mfupa, ncha inaungana na mwili wa mfupa, na kijana harefuki tena.

Mifupa haifungi siku moja. Kwenye kisukusuku tabaka hufunga mapema, kwa hiyo picha ya hapo haiwezi kumtofautisha kijana wa miaka 16 na wa miaka 20. Mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, huchelewa hadi mtu ameshavuka miaka ishirini. Sehemu inayofunga karibu na umri unaotafutwa ni ncha ya chini ya mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba, ambao madaktari huuita rediasi. Kwa wavulana wengi ncha hiyo hufunga kati ya miaka 17 na 19. Kwa mashindano ya chini ya miaka 17, hapo ndipo pa kuangalia.

Eksirei ingeweza kuonyesha mfupa huohuo, na hospitali zimeitumia miaka mingi kukadiria ukuaji wa watoto wagonjwa. Shida ni mionzi. Ni kidogo, lakini kumpiga mionzi mtoto mwenye afya njema kwa sababu tu anataka kucheza mpira ni jambo gumu kulitetea. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi ya aina hiyo. Kijana anatulia, mkono unaingizwa kwenye mashine, picha inachukuliwa, basi.

Madaktari wa FIFA wakiongozwa na Jiri Dvorak walichapisha mwaka 2007 utafiti uliojenga kipimo hiki. Walipiga picha vijana 496 wanaocheza mpira, wa miaka 14 hadi 19, kutoka Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina. Wakapanga hatua sita: ya kwanza tabaka liko wazi kabisa, ya sita limefunga na hakuna alama iliyobaki. Kwa vijana ambao hawajatimiza miaka 17, waliofika hatua ya sita walikuwa chini ya asilimia moja.

Kisha wakachukua kipimo hicho na kuwaangalia wachezaji wa mashindano halisi ya chini ya miaka 17. Katika mashindano mengine, kiasi cha asilimia 35 ya waliopigwa picha walionekana kuvuka umri. Ukizisoma namba hizo mbili kwa pamoja, huhitaji mtu wa kukueleza nini kilikuwa kikiendelea viwanjani.

FIFA ilianza kukitumia rasmi kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la 2009 nchini Nigeria. Kabla halijaanza, wenyeji walilazimika kuwaacha wachezaji 15 wa timu yao baada ya vipimo. Na Nigeria ilikuwa inajua uchungu wa jambo hili tangu zamani: mwaka 1989 FIFA iliifungia miaka miwili kwenye soka la vijana kwa sababu tarehe za kuzaliwa za baadhi ya wachezaji hazikulingana na zilizoandikwa mashindano ya nyuma, na haki ya kuandaa Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 la 1991 ikahamia Ureno. Wala haijaisha. Januari 2023 Cameroon ilipiga picha vijana 30 waliokuwa kambini, na 21 wakaanguka.

Nasi hatuna pa kujificha. Serengeti Boys walifuzu kwenda Gambia mwaka 2005 kwa fainali za Afrika, wakaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Kizazi kizima cha vijana kilikosa safari kwa kosa lililofanyika kwenye makaratasi, na wengi wao walikuwa hawana hatia yoyote. Rufaa ya 2016 iliandikwa na nchi iliyokwisha kukaa upande wa pili wa meza.

Hata hivyo, MRI haisemi kijana ana miaka mingapi. Wengi hulichanganya hili. Inajibu swali moja tu: je, mfupa huu umeshafunga? Ukiwa umefunga, uwezekano wa mwenye nao kuwa chini ya miaka 17 ni mdogo sana. Ukiwa bado, hilo si ushahidi kwamba ana miaka 16. Kijana wa miaka 18 au 19 ambaye mwili wake umechelewa anapita bila shida, hasa kwa kuwa lishe duni na maradhi ya utotoni huchelewesha mifupa. Na upo uonevu wa upande wa pili. Kanuni huhesabu kuanzia tarehe 1 Januari ya mwaka fulani; kwa Gabon 2017 ilikuwa waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2000. Aliyezaliwa mapema Januari alikuwa ameshatimiza 17 mashindano yalipoanza Mei, yumo ndani ya kanuni, na mfupa wake ungeweza kuwa umefunga kihalali. Mtoto wa aina hiyo anaporudishwa nyumbani na kuitwa mdanganyifu, nani atamsafisha jina?

Jinsi kipimo kinavyoweza kupitwa tulikuja kuiona hapahapa nyumbani. Aprili 2019 Tanzania iliandaa AFCON ya vijana, mechi zikachezwa Uwanja wa Taifa na Chamazi. Guinea ilifika fainali na kukata tiketi ya Kombe la Dunia nchini Brazil. Baadaye CAF ikaiondoa kwa sababu wachezaji wake wawili walikuwa wameshacheza mashindano Japani mwaka 2017 wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Senegal, iliyokuwa imelalamika, ikaenda Brazil badala yake. Aliyewakamata ni karatasi ya zamani. Mashine na kumbukumbu zinahitajiana.

Kwa wasichana ndiyo kabisa kipimo hiki hakitumiki. Wao hubalehe mapema, mifupa yao hufunga mapema, na watafiti walipowapima wachezaji wa kike wenye umri unaojulikana waliona kipimo hiki hakifai kwa mashindano ya umri huo. Kwa hiyo Serengeti Girls, waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, hawakupita kwenye mlango huu.

Lakini kwa nini tuhangaike hivyo na miaka miwili, mitatu? Watu husema mpira ni kipaji, umri ni namba. Nalipinga hilo kwa nguvu zangu zote, na sababu yenyewe haihusiani sana na makombe.

Timu ya chini ya miaka 17 ina nafasi chache tu kwenye AFCON. Kila kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri, anayeingia anamtoa mtoto mmoja. Na anayetolewa hatolewi ovyo. Kocha akiwaweka uwanja mmoja kijana wa miaka 15 na kijeba wa 19, anaona mmoja ana misuli, anakimbia, anashinda mipira ya juu. Yule wa 15 anasukumwa, anapoteza mpira, anaonekana mzito wa maamuzi. Anaachwa. Na mara nyingi huyu mdogo ndiye aliyekuwa anajifunza vitu vinavyodumu: kupokea mpira akiwa ameshageuza mwili, kuona pasi kabla mpira haujamfika, kusimama mahali sahihi ili asihitaji kukimbizana. Alijifunza hayo kwa sababu hakuwa na misuli ya kutegemea. Kijeba hana haja nayo, anashinda kwa mwili. Akipanda timu ya wakubwa anakuta kila mtu ni mtu mzima, faida yake imekwisha, na miaka ya kujifunza imeshapita. Taifa linakuwa limepoteza wawili: mmoja aliachwa nyumbani, mwingine hakukomaa.

Nigeria ndiyo nchi iliyotwaa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mara nyingi kuliko zote, mara tano, lakini timu yake ya wakubwa haijawahi kuvuka hatua ya 16 bora. Si haki kuliweka lote kwenye umri, maana vikombe hivyohivyo vimetoa watu wa kweli, Nwankwo Kanu mwaka 1993 na Victor Osimhen mwaka 2015. Lakini pengo hilo ni kubwa mno kulipita kimya.

Sasa tazama kikosi chetu cha 2017. Bakari Shime alikuwa kocha, Kim Poulsen mshauri, na vijana wakakaa pamoja muda mrefu kabla ya Gabon. Suluhu na Mali, ushindi wa 2-1 dhidi ya Angola, kisha kipigo cha 1-0 kutoka kwa Niger. Pointi nne kwa nne, tofauti ya mabao sawa, Niger ikapita kwa kuwa iliwafunga wao. Sare tu ingewapeleka Kombe la Dunia. Iliuma, na inauma hadi leo. Lakini mmoja wa vijana wale ni Dickson Job, beki wa kati ambaye si mrefu kwa nafasi yake, anayecheza kwa kusoma mchezo. Alipitia Mtibwa Sugar, akaenda Yanga, akawa nguzo ya ulinzi wa Taifa Stars. Kibwana Shomari naye alitoka kikosi hicho na kupita njia hiyohiyo ya Mtibwa hadi Yanga. Miaka miwili baadaye Serengeti Boys walifungwa mechi zote tatu nyumbani, ikiwemo ile ya 5-4 na Nigeria, na katikati ya maumivu hayo alikuwepo Kelvin John, aliyekwenda baadaye Genk ya Ubelgiji. Ukipima timu ya vijana kwa kombe, 2019 ilikuwa aibu. Ukiipima kwa wachezaji, hesabu ni nyingine.

Udanganyifu unaanzia wapi? Mara nyingi hauanzi kwa mtoto. Kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache, na klabu za Ulaya hununua miaka iliyobaki mbele ya mchezaji. Miaka 18 ina bei ambayo miaka 22 haina. Mtu mzima anayelijua soko hilo, awe kocha, wakala au mjomba, ndiye humwambia kijana apunguze. Ni wale mamluki wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ila sasa kwa dola. Baada ya hapo kijana anaishi na siku mbili za kuzaliwa: cheti cha shule kinasema hivi, pasipoti inasema vile.

Na wapo wasiodanganya kabisa, ila hawajui. Vijijini kwetu, kwa miaka mingi, mtoto alizaliwa nyumbani na tarehe yake ikakumbukwa kwa msimu: baada ya mvua za El Nino, wakati wa mavuno, mwaka aliofariki babu. Cheti kilitafutwa siku kilipohitajika, akiwa ameshakuwa kijana, na tarehe ikawa ile iliyokubaliwa mezani. Mwenye nia njema na mwenye nia mbaya walipita dirisha moja.

Dirisha hilo linazidi kuwa dogo. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ilianza Mbeya mwaka 2013 mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu ya mkononi, kisha ukasambaa mikoa mingine. Watoto wachanga wa mwaka ule wanatimiza miaka 16 mwaka 2029, umri wa kuitwa Serengeti Boys. Wataingia kambini na cheti kilichoandikwa kabla hata hawajajua kutembea, na mashine ya MRI itakuwa na karatasi ya kulinganisha nayo.